Shajara ya mradi: kahawa ya Kalehe na viungo vyake katika jiko la Bukavu

Tarehe 5 Aprili

Mradi huu una makusudi mawili, na nayaandika mapema ili yaniongoze hadi mwisho. La kwanza ni kuirudisha nyumbani kahawa niliyoipenda tangu ujana, yaani arabika (aina ya kahawa ya milimani) iliyooshwa ya milima ya Kalehe, kando ya Ziwa Kivu kaskazini mwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambayo ilitoweka mezani petu pale makopo ya kahawa ya unga inayoyeyuka yalipokuwa rahisi kupatikana kuliko punje zenyewe. La pili ni kuitia viungo bila kuifunika: tangawizi, iliki, mdalasini, vanila, mchaichai na chochote kingine kinachofaa kutoka masoko ya Bukavu. Ninaamini kwamba kiungo kizuri ni kile kinachomwezesha mnywaji kuitambua kahawa iliyo chini yake, na kila jaribio nitakaloandika hapa nitalipima kwa kipimo hicho.

Leo nimenunua kahawa mbichi katika soko la Kadutu, kwa mama anayepokea mizigo yake kutoka Kalehe. Nilimuuliza, "Mama, hii ni ya kuoshwa au ya kukaushwa na ganda lake?" Akachukua punje chache, akazitandaza kiganjani. "Ya kuoshwa, mwanangu. Angalia mstari wa katikati, ni mweupe. Ile nyingine mstari wake una rangi ya majani makavu." Kisha akaniruhusu kunusa mfuko mzima hadi chini, jambo ambalo ningemshauri kila mnunuzi aliombe, kwa maana kahawa mbichi hushika harufu ya kila kitu ilichokaa nacho, iwe samaki, iwe mafuta ya taa.

Neno "kuoshwa" linahitaji maelezo, kwa kuwa ndilo linalobeba ladha ninayoitafuta. Matunda mekundu humenywa siku ileile yanapochumwa, punje huachwa katika matangi hadi utelezi wake uchachuke na kuachia, kisha huoshwa kwa maji mengi na kukaushwa juu ya meza zilizoinuliwa kutoka ardhini, hadi unyevu ubaki kati ya asilimia 10 na 12. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, kikombe huwa safi na chenye uchachu wa matunda. Kwa miaka mingi wakulima wa pwani ya Ziwa Kivu walimenya kahawa nyumbani kila mtu kwa namna yake, na sehemu kubwa ilivuka ziwa usiku kwa mitumbwi kwenda kuuzwa Rwanda kwa bei ndogo. Ushirika wa SOPACDI wa Minova, ulioanzishwa mwaka 2003 na Joachim Munganga, ni miongoni mwa waliorudisha vituo vya kuoshea kahawa upande wetu wa ziwa, na bila vituo vya namna hiyo kahawa ninayoizungumzia isingekuwapo.

Tarehe 7 Aprili

Kuchambua. Nimeondoa punje zilizovunjika, nyeusi, zilizotobolewa na zenye umbo la sikio. Nyingi zilizobaki ni fupi na za mviringo, kama zilivyo punje za aina ya Bourbon, ambayo jina lake lilitokana na kisiwa kinachoitwa leo Réunion, na ambayo imeenea sana katika Kivu. Kituo cha utafiti cha Mulungu, kaskazini mwa Bukavu, ambacho leo kiko chini ya INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kimeshughulika na kahawa ya arabika tangu wakati wa ukoloni, na miche mingi ya milima yetu ina historia inayopitia huko.

Hapa lazima nisimame kwa muda, kwa sababu kahawa ya maeneo yetu ina adui ambaye mpishi wa nyumbani asipomjua atalaumu viungo vyake bure. Wapimaji wa kahawa humwita ladha ya kiazi. Punje yenye kasoro hiyo hutoa harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi, na punje moja tu inatosha kuharibu kikombe. Kasoro hii inajulikana Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, na inahusishwa na antestia, mdudu wa jamii ya kunguni anayetoboa tunda la kahawa ili kufyonza maji yake. Tunda lililojeruhiwa hivyo huweza kubeba kemikali za jamii ya pirazini, ambazo pua ya binadamu huzitambua hata zikiwa kidogo mno. Kukaanga hakuziondoi. Katika vituo vya kuoshea, matunda hutumbukizwa majini kwanza, na mengi ya yale yaliyoshambuliwa huelea yakaondolewa, lakini machache hupenya.

Kwa jikoni nimejiwekea utaratibu mmoja: nasaga kipimo cha birika moja tu kwa wakati, nanusa unga kabla ya kumwaga maji, na nikipata harufu ya kiazi namwaga kipimo hicho chote, nasafisha mashine ya kusagia kwa brashi, kisha nasaga kingine. Anayesaga kilo nzima na kuijaza katika kopo hutawanya punje moja mbovu katika vikombe vingi. Na wala asitumaini kwamba tangawizi itaificha kasoro hiyo; kiazi huonekana wazi zaidi kando ya tangawizi.

Tarehe 12 Aprili

Kukaanga. Nimetumia sufuria nzito ya chuma juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, yenye makaa yaliyokwisha kuwaka vizuri na kuacha kutoa moshi, kwa kuwa punje za moto hunywa moshi upesi. Nimekaanga gramu 250 kwa mkupuo, nikikoroga kwa mwiko bila kupumzika, maana punje ikikaa sehemu moja huungua upande mmoja na kubaki mbichi moyoni.

Punje hutoka ukijani, zikageuka manjano huku zikinukia nyasi kavu, kisha zikawa za hudhurungi na kunukia mkate. Joto la punje linapokaribia digrii 200, huanza milio ya kupasuka kama ya bisi. Hapo mvuke na gesi vinafungua punje kutoka ndani, na ukubwa wake unaongezeka waziwazi. Mkupuo wa kwanza niliuondoa motoni mara milio hiyo ilipokuwa ikikoma. Mkupuo mwingine niliuacha uendelee hadi milio ya pili, iliyo myembamba na ya haraka, na hadi mafuta yakaanza kung'aa juu ya punje. Yote nimeipooza kwa kuipepeta katika ungo nje ya nyumba, ili ganda jembamba lipeperuke na joto lisiendelee kuipika. Gramu 250 za ukaangaji wa kwanza zimebaki kama 215; kilichopungua ni maji hasa, pamoja na sehemu ya punje iliyogeuka gesi.

Kahawa iliyokaangwa leo haifai kunywewa leo. Hewa ya ukaa iliyomo ndani hutoka kwa wingi katika siku za mwanzo na huzuia maji kuingia sawasawa katika unga. Nimeiweka katika mitungi ya kioo isiyofungwa kwa nguvu.

Tarehe 15 Aprili

Kahawa tupu, bila sukari wala kiungo, ili nipate msingi wa kulinganishia. Kipimo ni gramu 60 kwa lita moja ya maji, yaani gramu 15 kwa birika dogo la mililita 250, na ninachuja kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila sabuni.

Wakazi wa Bukavu tuna bahati ambayo wengi hatuitambui. Vitabu vya kahawa hushauri maji ya digrii kati ya 90 na 96, na watu wanaoishi pwani hulazimika kungoja maji yapoe kidogo baada ya kuchemka. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi na maji huchemka yakiwa na digrii 95 hivi. Kwa hiyo birika linapoanza kutokota, maji yake yamefika hasa mahali panapotakiwa, na nayamwaga papo hapo.

Ukaangaji wa wastani umenirudishia kile nilichokuwa nikikikumbuka: uchachu wa chungwa mwanzoni, utamu wa sukari iliyoungua katikati, na mwishoni ukavu kidogo kama wa chai nyeusi. Hii ndiyo yenyewe, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Ukaangaji mweusi umetoa kikombe kizito na kichungu, ambacho kingeweza kutoka nchi yoyote. Najua kwamba nyumba nyingi hapa mjini hupenda kahawa nyeusi sana, na sina ugomvi na mapenzi ya mtu, ila kwa maoni yangu mkulima wa Kalehe aliyechuma matunda mekundu tu, akayapeleka kituoni siku hiyohiyo, hastahili kazi yake ifutwe ndani ya sufuria.

Tarehe 20 Aprili

Tangawizi. Hiki ndicho kiungo cha kwanza ambacho Mswahili wa pwani angekitaja: wauza kahawa wa Mombasa na Zanzibar hutembea na madele yao, yaani birika za kahawa, wakigonganisha vikombe vidogo, na tangawizi mara nyingi imo. Kahawa yao hupikwa kwa muda mrefu na huwa nyeusi, nayo hustahimili kiungo kikali. Swali langu lilikuwa kama arabika ya ukaangaji wa wastani itastahimili pia.

Nimelinganisha njia mbili. Katika ya kwanza, tangawizi mbichi iliyokunwa ilichanganywa na unga wa kahawa ndani ya kitambaa. Ukali ulitoka nusu, na nyuzi zake zilipunguza mwendo wa maji hadi kahawa ikawa chungu. Katika ya pili, vipande vyembamba vya tangawizi, gramu 8 kwa mililita 300 za maji, vilichemshwa dakika tano na kuondolewa, kisha maji hayo yenye tangawizi yakamwagwa juu ya kahawa. Njia ya pili ni bora kwa mbali. Ukali unakuja baada ya uchachu wa chungwa, kwa utaratibu, na hakuna kinachomsukuma mwenzake. Tangawizi kavu nimeijaribu kwa kiasi kidogo kuliko mbichi, kwa sababu kukauka hugeuza sehemu ya kemikali zake za ukali kuwa nyingine zilizo kali zaidi, na imeipa kahawa joto la kooni linalofaa asubuhi za mvua.

Kwa wanaotumia maziwa kuna jambo la kuzingatia. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini na kugandisha maziwa. Kuchemsha hukiua. Kwa hiyo tangawizi ichemke kwanza ndani ya maji, na maziwa yafuate. Mwenye kukamulia tangawizi mbichi katika maziwa ya vuguvugu atapata mabonge, hata kama maziwa yake yalikuwa mazuri kabisa.

Tarehe 27 Aprili

Iliki na mdalasini, viungo ambavyo watu huvitaja pamoja lakini vinavyodai kutendewa tofauti kabisa.

Iliki inataka kusagwa pamoja na punje. Nimefungua maganda mawili kwa kila gramu 15 za kahawa, nikachukua mbegu nyeusi peke yake na kuzipitisha katika mashine kwa wakati mmoja na kahawa. Harufu yake ni nyepesi na huruka upesi, ndiyo maana unga wa iliki ulionunuliwa tayari hauna nguvu. Katika nchi za Kiarabu za Ghuba iliki huandamana na kahawa iliyokaangwa kidogo sana, na sasa naelewa sababu: iliki ina ubaridi unaoinua uchachu, ilhali kwenye ukaangaji mweusi inabaki kama manukato juu ya majivu. Kati ya michanganyiko yote niliyoijaribu hadi leo, kahawa ya Kalehe na iliki ndiyo inayonipendeza kuliko yote.

Mdalasini uliosagwa haufai katika kitambaa. Ukikutana na maji ya moto hutoa utelezi unaoziba matundu, na kahawa hukaa ndani ikizidi kuwa chungu. Kijiti chake kikichemshwa kwa maji hutoa rangi nyingi na harufu ya wastani. Maziwa ndiyo yanayokifaa, kwa kuwa mafuta ya mdalasini huyeyuka katika mafuta ya maziwa kwa urahisi kuliko katika maji. Nimechukua maziwa mabichi yaliyoshuka kutoka Kabare, nikayachemsha, nikaacha kijiti kimoja ndani yake juu ya moto mdogo dakika kumi, kisha nikayachanganya nusu kwa nusu na kahawa nzito ya gramu 15 kwa mililita 150. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye hanywi kahawa isiyo na maziwa, alimaliza kikombe akasema, "Hii sitaki uitie sukari tena." Nimelichukua neno lake kwa uzito, maana mdalasini hauna sukari yoyote, ni pua inayoudanganya ulimi.

Tarehe 4 Mei

Karafuu, kwa ufupi. Hata moja katika birika inatosha kutawala kila kitu, na mafuta yake, ambayo pia hutumika kutuliza maumivu ya meno, hutia ganzi ulimi kiasi cha kuufanya usisikie uchachu wa kahawa. Ninaiacha.

Tarehe 18 Mei

Vanila imechukua muda mrefu kwa sababu inahitaji kukaa. Maganda niliyopata yanatoka Kivu Kaskazini, ambako wakulima wengi wameipanda. Ganda bichi la vanila halina harufu. Harufu huzaliwa baada ya kuchovywa katika maji ya moto, kufunikwa litoe jasho, kukaushwa polepole na kutunzwa kwa miezi. Nilichagua maganda yanayopinda bila kukatika, yenye ngozi ya mafuta, nikaacha yaliyokauka kama vijiti.

Ganda moja nililipasua kwa urefu na kulitia katika sukari, la pili katika mtungi wa punje zilizokaangwa kwa wastani, la tatu katika maziwa ya moto. Sukari imefanya kazi, lakini inamlazimisha mnywaji kutia sukari. Maziwa yamefanya kazi vizuri sana, na yamezima kahawa kwa sehemu. Mtungi wa punje ndio ulionishangaza: punje zilizokaangwa, ambazo ni kavu na zenye matundu madogo sana, zimenyonya harufu kwa ulaini, na kikombe chake hakinukii vanila hadi kipoe kidogo, ndipo utamu unatokea nyuma ya chungwa. Kahawa za harufu zinazouzwa katika pakiti kutoka ng'ambo kwa kawaida hutengenezwa kwa kunyunyizia mafuta ya harufu juu ya punje baada ya kukaangwa, mara nyingi kwa vanilini ya kiwandani. Harufu yake hujaza chumba, ila ukishakunywa huwezi kusema kahawa yenyewe ilikuwa ipi. Mtungi wangu hauwezi kushindana na pakiti hizo kwa nguvu, na sikusudii ushindane.

Jambo la kuangalia ni umri wa kahawa. Vanila inahitaji wiki moja hivi mtungini, na katika wiki hiyo punje nazo zinazeeka, kwa hiyo ganda linapaswa kuingia mara tu punje zinapopoa baada ya kukaangwa. Nyakati hizo mbili zikienda pamoja, hakuna kinachopotea.

Tarehe 25 Mei

Mchaichai, ambao umeota katika nyua nyingi za Bukavu na ambao wengi hunywa peke yake jioni. Sikuutegemea sana. Jani moja refu, likikunjwa na kukaa dakika nne katika maji yaliyotoka motoni, hutoa harufu ya limau isiyo na ukali wa limau, nayo inaungana na uchachu wa kahawa ya Kalehe kana kwamba imetoka ndani yake. Ni lazima maji yachemshwe upya kabla ya kumwagwa, kwa sababu yamekwisha kupoa. Kwa wageni wasiopenda viungo vikali, huu ndio mchanganyiko nitakaowapa kwanza.

Marakuja (matunda ya pasheni) na kahawa baridi nimeviweka kando. Uchachu juu ya uchachu unahitaji asali nyingi ili ukubalike, na asali nzuri ya upande wa mlima Kahuzi ina harufu yake yenyewe, nzito, inayostahili kahawa iliyokaangwa zaidi kidogo. Nitairudia nikiwa na ukaangaji wa kati ya ile miwili.

Tarehe 1 Juni

Yaliyokubaliwa kwa matumizi ya nyumbani hadi sasa ni haya: asubuhi, tangawizi iliyochemshwa katika maji; mchana, kahawa tupu; kwa wageni, iliki iliyosagwa na punje au mchaichai; kwa yaya na wapenda maziwa, mdalasini katika maziwa. Mtungi wa vanila unabaki kwa siku za Jumapili, kwa sababu ya bei ya maganda. Ukaangaji ni ule wa kukoma kwa milio ya kwanza kwa michanganyiko yote isipokuwa ya maziwa, ambayo hupendeza ikikaangwa dakika moja zaidi.

Hatua inayofuata ni kurudia iliki na mchaichai kwa kahawa ya kisiwa cha Idjwi, kwa kukaanga na kupima vilevile, ili nijue kama yale niliyoyapata ni ya arabika iliyooshwa ya Kivu kwa jumla au ni ya Kalehe peke yake. Nimekwisha kumwagiza mama wa Kadutu kilo moja, na nimemwomba aifunge peke yake, isikutane njiani na mfuko mwingine wowote. Amekubali, akaongeza kwamba ya Idjwi itafika pindi mashua itakapoleta mzigo, na kwamba nije na chombo changu chenye kifuniko.